Wageni Wamesimama, Aliyeingia ni Muleta Soda

Leo nimejianika, ndugu zangu, na nimejianikia mu harusi ya dada yangu mwenyewe.

Aline aliniomba kitu kimoja tu: akiingia salle, ule ukumbi wa sherehe, akute watu wote wamesimama wanaimba. Kwa harusi ya binamu yetu, bibi arusi aliingia wageni wakigombania brosheti za nyama, hakuna aliyemuona. Aline alikuwa anaogopa hiyo. Nikamuambia atulie, mi ni mutu wa programu. (Nilisoma kidogo, mengine nimejifundisha mu simu, lakini mbele ya dada unajikaza.)

Mpango ulikuwa ukurasa mmoja, butoni moja. Gari ya Aline ikifika nabonyeza, wageni wote wanapata mesaji: "Bibi arusi anaingia. Musimame, muimbe."

Fiston, rafiki yangu Mukongomani anayekaa Kinama, alinisaidia kuandika hiyo programu. Mi nimezoea njia ya zamani: kila kazi naijengea nyumba, naipa jina na mkubwa wa kuisimamia. Fiston akaipa butoni kazi isiyo na jina, mbele yake mabano matupu na kamshale. Akasema ni kama kumuachia mutu wa mulangoni maagizo: gari ikifika, piga kelele. Jina lake la nini?

Kitu bila jina kinanipa wasiwasi. Fiston alipotaha kwake nyumbani, nikafuta mabano na kamshale, nikabakiza ile sehemu niliyoielewa: tuma mesaji. (Yeye hana kosa. Hilo niliandike wazi.) Nikajaribu kwa namba yangu. Mesaji ikafika hata sijabonyeza. Nikasema leo rezo ya simu iko sawa kabisa.

Basi leo, salle ya Kanyosha imejaa. Nikafungua ukurasa ili nijiweke tayari. Simu zikalia meza zote. Wageni wakasimama, korali ikaanza, wamama wakapiga vigelegele. Mulango ukafunguka.

Akaingia baba mmoja na kreti za soda begani.

Akasimama pale pale, korali inamuimbia uzuri wake. Mupiga picha akamupiga picha. Mama mukubwa alikuwa ameshaanza kulia. Yule baba ni mutu wa adabu, akainamisha kichwa kusalimia salle yote.

Mi nikafunga ukurasa, nikafungua tena nitafute kosa. Simu zikalia tena. Waliokuwa wameanza kukaa wakasimama.

Fiston akaninyang'anya simu, akasoma, akafunga macho kidogo.

"Kaka, butoni ulipaswa uipe kazi, ikae nayo ingoje. We kazi umeifanya mwenyewe pale unapofungua ukurasa, butoni imebaki mikono mitupu."

"Na yale mabano?"

"Ndiyo yalikuwa yanaizuia kazi isianze yenyewe."

Mi nilidhani ni mapambo. Kumbe ilikuwa kifuniko cha sufuria.

Na ni hapo Aline akafika. Wageni wote wamekaa, macho kwenye simu, wanangoja mesaji. Mulangoni hakuna anayeangalia. Niliona uso wake ukianza kubadilika, vile vile alivyoogopa. Nikapanda juu ya kiti, suti ikapasuka mahali sitataja, nikapaza sauti:

"Sasa ni yeye kweli, musimame!"

Wakasimama. Wakacheka kwanza, kisha wakaimba kupita mara zote, wengine wanapiga meza. Aline akaingia anacheka na wao, hajui sababu. Aliponipita akaninong'oneza kama ni mi nimewapanga hivi. Sikupenda kudanganya siku ya harusi, nikamujibu kwamba kwa sehemu kubwa, ndiyo.

Naandika hii nikiwa nimeegemea ukuta, kwa sababu ya suti. Mwenye kucheka acheke pole pole, tafadhali. Wakwe zetu wako meza ya karibu, na bado wanauliza yule baba wa soda ni ndugu yetu wa upande gani.