Marashi ya Kuita Nondo

Jumatatu, 4 Juni 1934. Kisarawe.

Mzungu amefika. Kashukia nyumba ya wageni. Watu wamekwisha kumpa jina: Bwana Wadudu. Mtu mzima na ndevu zake, kavuka bahari kuja kukimbiza nondo! Wala si hawa wa usiku wanaojichoma kwenye taa. Anawataka wale weusi wenye madoa mekundu, wanaoruka mchana kweupe huku kilimani. Anasema ndugu zao wanaishi nchini kwake, juu ya milima yenye barafu. Anaamini wako wengine kileleni Uluguru, na atakwenda kuwatafuta. Anataka nyapara wa safari. Atakayemwonyesha njia ya kuwapata nondo hao kwa wingi, wakiwa hai, ndiye nyapara.

Nyapara ni mimi. Nani mwingine? Saburi? Fundi cherehani yule, hawezi kuongoza hata mbuzi wake mwenyewe.

Nimemwambia mke wangu Mwanamkuu. Akasema haya, lakini huu ndio mpango wa mwisho. Ati bado hajasahau ule wa nyuki. Nikishindwa na huu, anarudi kwa baba yake, kule Soga. Wanawake kwa kukumbuka mambo!

Jumanne, 5 Juni.

Siku nzima juani na chandarua cha Mwanamkuu. Nondo hawa wanaruka polepole, wanajivuta kama wageni wa heshima. Hata hivyo sikupata hata mmoja. Chandarua kimenasa kwenye miiba na kuchanika. Kimelala kitandani, kimekunjwa upande mzuri juu. Hajakiona.

Kuku wa jirani yetu Zena alidonoa nondo mmoja. Akamtema palepale, akafuta mdomo mchangani. Nikamweleza Bwana Wadudu. Akafurahi mno! Akasema ndani ya nondo hao mna sumu, na wekundu ule ni onyo kwa ndege, ndiyo maana hawana haraka. Kumbe hata mdudu huringa akijua haliwi.

Jioni nikaokota mmoja kwenye bua la nyasi, ndiyo kwanza anatoka katika kifuko chake. Jike. Tumbo nene, mabawa mafupi, haruki, hatembei. Mvivu mkubwa. Nimemtia katika kikapu cha mfuniko, nisirudi mikono mitupu.

Jumatano, 6 Juni.

Allahu akbar! Nimegundua!

Nilikuwa nakwenda kwa Bwana Wadudu na kikapu changu kwapani. Kwa kuwa jasho la jana lilikuwa bado linanisema, nikajipaka kidogo marashi ya Mwanamkuu. Adhuhuri, katikati ya njia, nondo hao wakaja! Wakatua kifuani. Wakatua kwapani. Wengine wakanizunguka kichwa. Wote wembamba, wepesi, wenye mabawa marefu. Madume watupu.

Mtu mwenye akili haambiwi mara mbili. Ni marashi. Mawaridi, udi, na kitu kingine ambacho Mwanamkuu hataki kukitaja. Yule mnene kikapuni alitulia tu, ameinua mkia, hata aibu hana.

Bwana sikumwambia. Nikageuza njia nikarudi nyumbani. Siri kama hii haitolewi ovyo.

Ijumaa, 8 Juni.

Nimechukua chupa nzima. Pia kikuba cha Mwanamkuu, kile cha asumini na rihani anachovaa harusini. Nimekitia ndani ya kofia.

Msikitini watu wakasogea, nikapata nafasi ya watu watatu. Imamu akauliza kwa upole kama kuna mtu amekuja na bibi harusi. Watu hawa hawajui sayansi.

Baada ya sala nikachukua kikapu changu mlangoni, nikapita njia ya kilimani. Nondo tele! Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana, nikamwambia Jumatatu adhuhuri nitawaita mbele ya watu wote. Akanikodolea macho. Kisha nikakaa barazani, nikatangaza unyapara wangu. Mwinyijuma muuza kahawa akanipongeza. Saburi akainamia kikombe chake. Wivu.

Nimeazima koti la mkalimani wa boma kwa ajili ya Jumatatu. Kikapu sikitaki tena. Nyapara habebi kikapu! Saburi akakiomba atilie vifungo vyake. Nikampa, pamoja na yule mnene ndani. Mimi si mchoyo.

Jumatatu, 11 Juni.

Naandika kwa hasira. Jicho moja halifunguki.

Kisarawe yote ilikuja. Nikasimama juani na koti la watu, nikajimwagia chupa yote. Tukangoja. Wakaja nzi. Kisha wakaja nyuki, na nyuki wale wakafanya kama wananijua! Nikakimbia mbele ya wazee. Nondo, hata wa dawa.

Nao walikuwa wapi? Kwa Saburi! Kibarazani kwake, kikapu changu kikining'inia juu ya cherehani, na nondo wamekifunika kama pazia. Saburi mwenyewe kaduwaa, anasema labda wanapenda mafuta ya cherehani. Juha!

Bwana Wadudu akafunua mfuniko, akamwona yule mnene, akapiga kelele kama mtoto. Akatueleza. Ati jike huyu hasafiri, hukaa kwenye bua na kutoa harufu yake. Sisi hatuisikii, lakini dume huifuata kutoka mbali. Ndiyo maana ya mkia ule kuinuliwa.

Kichekesho! Mdudu asiye hata na chupa! Nikamwambia Bwana ukweli: kikapu kile nilikibeba kwapani siku mbili, kimelowa marashi yangu, na marashi yakikaa ndipo yanakolea. Saburi ameshinda kwa harufu yangu. Hakunisikiliza. Akamvisha Saburi filimbi ya unyapara.

Mwanamkuu akaingia ndani. Akakunja kanga zake. Akakunjua chandarua, akaliona tobo, akakikunja tena. Ameondoka na watu wanaokwenda Soga. Nyumba kimya. Nimekula muhogo baridi, nimesimama. Sikujua kama nyumba hii ni kubwa hivi.

Alhamisi, 14 Juni. Soga, stesheni.

Nimeajiriwa. Mchukuzi. Saburi alinihurumia, eti. Nimekubali ili nimchunge mwizi wangu asiitupe siri yangu Uluguru. Tunapanda gari moshi leo jioni kwenda Morogoro.

Mzigo wangu ni sanduku la wavu, kichwani. Ndani yake majike aliowaokota Bwana juzi na jana, wote wanene, wote wameinua mikia. Na sikilizeni: tangu tunatoka vilima vya Kisarawe, nondo wamenifuata mimi! Si Saburi na filimbi yake. Mimi! Wamenizunguka kichwa, wametua masikioni mwangu. Na marashi nilijipaka Jumatatu tu. Yanadumu, basi!

Wachache walinifuata hadi hapa stesheni, na hapa alikuwapo baba mkwe, na Mwanamkuu pembeni yake. Shikamoo, baba. Akasema marahaba akiutazama mzigo, si mimi. Nikamwambia Mwanamkuu ajionee mwenyewe kama mumewe ni mwongo.

Akawatazama nondo. Akalitazama sanduku. Akasema nilitue chini, nikasimame kule kwenye mti, tuone watamfuata nani. Wakinifuata mimi, anarudi Kisarawe leo hii, kwa miguu.

Nikakataa. Nyapara hajatoa ruhusa ya kutua mizigo. Amri ni amri.

Mwanamkuu akacheka hadi akaketi chini. Baba yake naye, mtu mzima, akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Nimefurahi kuwaona wamepoa. Nimemwagiza Mwanamkuu anitengenezee chupa mbili, na safari hii azidishe udi, maana Uluguru ni baridi na harufu haifiki mbali. Akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Nadhani ameanza kuelewa.