Sombe Yenye Meno

Jumatatu, 3 Februari 2025

Majani yamelala. Yote. Nilitoka uani na kahawa mkononi nikakuta miche yangu imeinamisha vichwa kama watu wa msibani. Jana ilikuwa wima. Nimeikosea nini?

Niandike ukweli hapa, maana huko nje siusemi. Ni bangi. Iko miche mitatu, ndani ya ndoo za mayonezi nilizopewa na jamaa wa chipsi hapa Umbilo Road. Serikali inaruhusu mtu mzima kupanda ya kwake nyumbani. Korali yetu ya kanisani hairuhusu. Mimi sivuti. Nataka kuyachemsha majani na mafuta nipake goti, kwa sababu goti hili likiona ngazi linalia kabla yangu.

Shida ni Marcelline wa fleti ya juu. Anasuka saluni, anaimba sauti ya pili, na nampenda. Wiki iliyopita aliona miche, akaniuliza kama hiyo ni sombe, majani ya muhogo, kama ya kwao Uvira. Hapa Durban tunakula ya friza tu. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nikasema ndiyo mama, sombe yenyewe, nimeiotesha punje kwa punje kwenye pamba yenye maji. Alicheka sana. Nikajua amefurahi. Tangu hapo anashuka kila jioni na jagi kuimwagilia, na tunaongea mpaka mbu watufukuze.

Miche ikifa, hana sababu ya kushuka. Ikipona, atataka kupika. Nimeamua ipone kwanza.

Jumanne, 4 Februari

Kiu. Ni wazi. Joto la leo lingemlaza hata ng'ombe. Nimemwagilia asubuhi. Mchana nimetoroka dukani, nikaacha simu ya mteja imefunguliwa tumbo, nikaja kumwagilia tena. Jioni majani yamelala zaidi. Marcelline alisema pole, akaiambia miche, si mimi, kisha akaongeza jagi lake. Nilimweleza kwamba sombe ya mjini ina haya mbele ya wageni. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Akicheka hivyo, hata goti nalisahau.

Jumatano, 5 Februari

Nimempata mchawi. Ni Pontien! Anaimba besi, anajidai, na tangu Krismasi anambebea Marcelline kiti kanisani. Pilipili zake ziko uani karibu na ndoo zangu, zimesimama kama askari. Nani mwingine angeitilia sumu sombe yangu? (Sasa hata mimi naiita sombe.)

Nimechukua simu yangu ya zamani, nikaificha kwenye kopo la vibanio vya nguo, kamera ikitazama ndoo. Kesho Pontien ataimba sauti ya kwanza.

Alhamisi, 6 Februari

Nimetazama video. Pontien anatoka. Anatazama kushoto, anatazama kulia. Anainama na bidoni. Anamwagilia miche yangu maji safi, taratibu, huku anaiimbia. Kisha anakuja mzee Omar, mtunzaji wa nyumba hii, na mpira wake wa maji. Kisha Marcelline. Kisha mimi, mara mbili, na sura ambayo sikujua kama ninayo.

Nilimfuata Pontien. Alisema Marcelline ndiye aliyemwomba aniokolee ile sombe, na kwamba anasubiri sahani yake. Nilikosa hata pa kumchukia.

Ijumaa, 7 Februari

Mzee Omar alizaliwa hapa Durban, lakini wazee wake walitoka Unguja, na Kiswahili chake kina adabu kuliko changu. Alirudi kutoka msikitini akanikuta nachanganya mbolea. Akajaribu kuinua ndoo moja. Ikamshinda. Akachoma kidole kwenye udongo, kikatoka na tope linalonuka. Akasema miche hii haina kiu bwana, inazama. Mizizi nayo inataka kupumua. Akauliza matundu yako wapi. Nikamweleza kwa fahari kwamba sikutoboa, ili maji yasipotee.

Alijifuta tope kidoleni. Akasema subhanallah. Alipokuwa anaondoka akaongeza kwamba kuhusu hiyo sombe, nikumbuke njia ya mwongo ni fupi. Nilijifanya nasafisha masikio.

Nikatoboa. Maji meusi yakatoka kwa kasi, yakapita uani hadi kwenye viatu vya Jumapili vya Pontien alivyoanika. Bahati mbaya. Nikatoboa tundu lingine.

Jumatano, 12 Februari

Imesimama! Nimewakataza watu wote maji, nikaacha udongo ukauke, na leo majani yako juu kama mikono kwenye ibada. Nilicheza uani, goti likacheza pia.

Marcelline alipiga makofi. Akasema basi Jumamosi tunatwanga. Ameazima kinu, na amealika korali.

Korali nzima. Eish.

Jumamosi, 15 Februari

Mpango ulikuwa mzuri. Nikanunua sombe ya friza, nikaimimina kwenye beseni, nikaificha miche bafuni. Marcelline aliposhuka nikamwambia apumzike, nimeshavuna na kutwanga mwenyewe tangu alfajiri. Alichovya kidole. Akatoa kipande cha barafu, akaniwekea mkononi.

Kisha akafungua mfuko wake. Sombe ya friza, pakiti kama zangu.

Akaniambia polepole, korali isisikie, kwamba mtoto wa Uvira anajua sombe kabla ya kujua kusoma. Jani la sombe halina meno pembeni, langu lina meno kama msumeno. Na muhogo haujawahi kuota kwa punje kwenye pamba. Alijua tangu siku ya kwanza.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamuuliza kwa nini basi alimwagilia. Akasema, kama mimi ningesema ukweli siku ile, yeye angepata sababu gani ya kushuka kila jioni?

Nina furaha. Naandika tena: nina furaha.

Tulikula. Pontien alirudia sahani, akatangaza kwamba friza haiwezi kuifikia hii.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya ibada Marcelline ameniletea vijiti vya muhogo wa kweli, amepewa na dada mmoja wa mtaa wa Sydenham. Amesema tupande sombe isiyo na meno, yeye na mimi, na kuanzia leo ni ukweli mtupu. Nikaapa, mkono juu.

Akaniuliza kama nimewahi kulima muhogo. Mimi nimezaliwa Goma, mjini katikati, jembe nimeliona dukani. Nikasema mama, muhogo ndio umenilea, nimeulima tangu utoto. Alishika tumbo kwa kucheka. Amefurahi sana.

Vijiti nimeviweka kwenye ndoo mpya, nzima kabisa, kwa kuwa zile za zamani zinavuja. Nimevimwagilia mchana, nimevimwagilia jioni. Nikimaliza kuandika natoka kuvimwagilia tena, joto hili si la kuchezea.