Skrubu ya Mwalimu Marcella

Kiunga aliisikia pikapu hiyo kabla ya kuiona. Ilikuwa imeegeshwa nje ya kanisa pale Kanyakine, haiendi popote, lakini injini ilinguruma kana kwamba imebebeshwa magunia arobaini ya viazi. Mwalimu mstaafu Marcella alikuwa ametoka mapema akaiwasha, na katekista aliyekuwa akisoma matangazo ndani akalazimika kunyamaza. Waumini walikunja nyuso. Kiunga peke yake ndiye aliyesema amina.

Kwa asiyemjua, Kiunga ni fundi wa magari, na ni fundi kweli. Tatizo ni kwamba mdomo wake una ufundi kuliko mikono. Mimi ninayesimulia niliwahi kumpelekea gari langu abadilishe balbu moja tu. Nilirudi nyumbani kwa miguu, tena nilikuwa nimemshukuru mara mbili. Kwa hiyo mkicheka katika kisa hiki, mcheke polepole, tuko wengi.

"Muga, mwalimu!" alimsalimu kwa Kimeru akikimbia. "Huo mlio si wa kawaida. Fungua bonneti nione."

Akainama. Choki ilikuwa imefunguka inavyopaswa. Waya wa mafuta haukuwa umekwama. Mipira ya hewa haikuwa na ufa. Ndipo akaiona skrubu ndogo ya kabureta, ile inayoamua injini ikimbie kiasi gani gari likiwa limesimama. Ilikuwa imekazwa hadi mwisho, na kichwa chake kilikuwa na mikwaruzo mipya. Kuna mjinga ameichezea, Kiunga akajisemea. Kuilegeza mizunguko miwili tu, kazi imekwisha.

Akainuka taratibu, akavua kofia.

"Pole, mwalimu."

"Pole ya nini?"

"Injini imekufa. Ni vile tu haijapata habari."

Marcella akashika kifua. "Lakini Njuki, fundi wangu wa Embu, aliniambia hiyo skrubu..."

"Fundi wa Embu! Mwalimu, mimi naoa huko, nawajua. Watakubembeleza mpaka gari likuzimikie mtoni."

"Alisema ukiigusa..."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Kiunga akamkata tena, kwa sauti ya mazishi. "Mimi siwezi kukuficha. Hiyo ni vyuma chakavu. Lakini kwa sababu ulinifundisha hesabu darasa la tano, nitakuondolea huo mzigo."

"Pesa sitaki," Marcella akasema baada ya kufikiri. "Pesa huisha kwa harusi za watu. Nikiitoa, nitaitoa kwa ng'ombe wa maziwa."

Hapo moyo wa Kiunga ukaruka. Alikuwa na ng'ombe mmoja, Karembo, na Karembo alikuwa na miadi. Jumamosi iliyofuata alitakiwa kufika kwa mzee Gitari huko Embu, awe sehemu ya mahari ya binti yake, Lorna. Gitari alikuwa amesema wazi: bila ng'ombe, hakuna binti. Lakini Kiunga alimjua mfanyabiashara wa miraa huko Kangeta aliyekuwa akimlilia pikapu mwezi mzima. Angeilegeza skrubu, angeiuza, angenunua ng'ombe wawili kabla ya Ijumaa. Gitari angepata wake, na yeye angebaki na wake.

Jioni hiyo hiyo alimfikisha Karembo kwa Marcella. Kaka yake mwalimu, Mutwiri, mzee wa kanisa, alikuwa ameitwa awe shahidi.

"Kwetu," alisema Mutwiri, "anayenunua mnyama hutaja kasoro alizoziona, kwa mdomo wake na mkono wake. Asije kesho akasema hakuona. Wewe unachukua gari, lakini utaratibu ni ule ule."

Kiunga aliipokea kalamu kwa furaha. Akaandika: Mimi Kiunga, fundi, nimeikagua pikapu hii kwa macho yangu. Injini imekufa. Nimeichukua hivyo hivyo na sitairudisha.

"Una hakika, kijana?" Mutwiri akauliza. "Si ungeipima kwanza?"

"Mzee, hii kazi nimefanya miaka kumi na minne."

Mtauliza kwa nini hakuizungusha ile skrubu kidogo tu, apime. Angethubutu vipi? Injini ingetulia mbele ya mwalimu, na uongo wote ungemwagika hapo hapo. Hivyo akaondoka na pikapu ikinguruma, akipunga mkono.

Jumatatu asubuhi, kwenye kibanda chake, akachukua bisibisi huku akipiga mluzi. Mzunguko wa kwanza, mngurumo ukashuka. Akatabasamu. Mzunguko wa pili, kukatoka chini sauti ya gadu-gadu-gadu, kama mahindi makavu yakitikiswa kwenye sufuria. Taa nyekundu ya oili ikawaka. Injini ikatetemeka, ikazimika.

Akaikaza skrubu, akawasha. Mngurumo ukarudi, taa ikazimika, gadu-gadu haikusikika tena. Akailegeza. Taa, gadu-gadu, kimya. Kiunga akaketi juu ya tairi. Injini ilikuwa imelika ndani kabisa, na oili haikuwa ikipanda mpaka injini ikimbizwe. Njuki wa Embu hakuwa mjinga. Alikuwa ameikaza skrubu makusudi, injini isizimike njiani.

Mtu wa Kangeta alikuja, akasikiliza, akaondoka bila hata kuaga. Kufikia Ijumaa hakuna mwingine aliyekuja.

Kiunga akarudi kwa Marcella. Alimkuta zizini, na Mutwiri ameketi karibu.

"Mwalimu, nirudishie ng'ombe. Hiyo injini imekwisha!"

"Si ndivyo ulivyosema?" Marcella akashangaa. "Njuki naye alisema hivyo hivyo. Nilitaka kukueleza, ukanikata mara mbili. Nikasema basi, fundi amejionea. Jana kwenye jumuiya nimekushuhudia: fundi wa kwanza Kanyakine kuniambia ukweli."

"Lakini nilikuwa nadanganya!" Kiunga akapiga kelele, machozi yakimlenga.

Mutwiri akavaa miwani, akaikunjua karatasi. "Kwa hivyo injini si mbovu?"

"Ni mbovu, mzee!"

"Basi ulisema ukweli."

Kiunga akaishika karatasi, akausoma mwandiko wake mwenyewe.

Marcella alimhurumia kweli. Akamletea kiti, akamtilia chai nzito ya maziwa matupu, ya Karembo. Kiunga akanywa. Ilikuwa tamu hata akaumia roho. Akaomba kikombe cha pili, maana sehemu ya ng'ombe iliyombakia ilikuwa hiyo tu.

Simu ikalia. Alikuwa mzee Gitari kutoka Embu.

"Mwanangu, watu wamealikwa, mbuzi wamechinjwa. Huyo ng'ombe wa kesho yuko sawa?"

Kiunga akamtazama Karembo, aliyekuwa akitafuna majani ya ndizi bila wasiwasi wowote.

"Yuko sawa kabisa, baba," akasema. "Niko naye hapa. Nakunywa maziwa yake sasa hivi."

Mutwiri, mzee wa kanisa, alisikiliza kila neno, na hakupata hata moja la uongo.