Fyuzi ya Mathee Kwenye Mkutano wa Mainjinia

Jamaa, sogeeni niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine. Leo nimepata aibu ya mwaka.

Mnajua nilichaguliwa peke yangu darasani kwenda kuzungumza kwenye mkutano wa mainjinia wa umeme huko mjini. (Mtaa wetu mzima wa Buruburu unajua. Nilihakikisha.) Mwanafunzi atakayewapendeza angepewa nafasi ya mafunzo kazini, na nafasi hiyo nimeitafuta mpaka soli za viatu zimeisha.

Mada yangu ilikuwa hatari ya kufunga fyuzi iliyoungua kwa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nikatengeneza kibao changu cha maonyesho: balbu, swichi, fyuzi mpya kabisa ndani ya kifuniko chake. Nikigusanisha nyaya, fyuzi inakatika, balbu inazima, watu wanapiga makofi. Basi!

Asubuhi mathee, mama yangu mzazi, ananipigia pasi suti ya buda, mumewe. Mimi niko bafuni naimba. Mara namsikia, "Ngai! Pasi imekufa!" Lakini nilipotoka, suruali ilikuwa imenyooka ajabu.

"Pasi imepona?"

"Mungu ni mwema. Kunywa chai uende, baba."

Sikuuliza zaidi. (Msomi huyo!)

Ukumbi umejaa wazee wa tai. Mapazia yamefungwa kwa sababu ya picha za slaidi. Nikakohoa kisomi.

"Waheshimiwa, kule mitaani kwetu kuna watu wanaofunga fyuzi kwa karatasi ya sigara. Huo ni ujinga mtupu! Sasa tazameni fyuzi halisi inavyotulinda."

Nikagusanisha nyaya.

PAAA!

Taa za ukumbi zikazima. Mashine ya slaidi ikazima. Feni ikazungukazunguka kwa huruma, nayo ikasimama. Giza totoro! Mtu akapiga kelele, "Yesu!" (Nafikiri ni mimi.)

Mapazia yakafunguliwa. Injinia mkuu, mzee mmoja wa kipara, akaja mbele, akachomoa fyuzi yangu na kuiinua juu watu wote waione. Imevikwa karatasi ya fedha ya sigara za buda, tena kwa unadhifu, kama zawadi ya Krismasi! Ndipo nikaelewa. Fyuzi yangu mpya iko nyumbani, ndani ya plagi ya pasi; mathee aliniwekea ile ya pasi iliyoungua.

"Kijana, hii imefungwa na nani?"

Nilitaka kutafuta uongo wa heshima. Ulimi ukanitangulia.

"Ni mama, mzee. Alikuwa ananipigia pasi."

Woi! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mmoja akaanguka na kiti chake. Mzee mwenyewe akavua miwani akafuta machozi.

"Hotuba zingine zote nitazisahau kufikia kesho," akasema. "Yako, hapana! Tuna kikundi kinachozunguka mitaani kufundisha watu mambo ya fyuzi. Jumatatu unaanza nacho. Na nyumba ya kwanza itakuwa ya mama yako."

Nimepata nafasi, jamani! Furaha niliyonayo haina kipimo.

Shida ni moja tu. Mathee yuko nyumbani sasa hivi anasukuma chapati za kunipongeza, na mimi nimemwita mjinga mtupu mbele ya mainjinia wote wa nchi hii. Nani atanisindikiza nikamwambie? Chapati zipo za kutosha. Ila atakayecheka mlangoni, atazila kwa kunusa.