Chumba Changu Hakipigi Kengele

Jumatatu, 3 Machi 2014
Bosi katangaza: mwenye kengele chache wiki hii ndiye atakuwa msimamizi wa seva. Msimamizi! Tunaoshindana ni wawili. Mimi Emile nina chumba cha kwanza cha kugandishia samaki, Kamis ana cha pili. Skripti zetu, programu ndogo ndani ya seva, zinauliza vipimajoto kila robo saa. Joto likipanda, kengele inalia. Changu kinalia kutwa. Kosa si langu! Wanunuzi wa soko la Nakawa wanafungua mlango mchana kutwa kama wa duka. Kamis kanicheka, eti nisijisumbue. Tutaona.

Jumanne, 4 Machi
Dawa nimeipata. Nimepanga skripti yangu ipime alfajiri tu, kabla mlango haujafunguliwa. Basi! Mbona sikuwaza mapema?

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Skrini ni kijani tupu, hakuna kengele! Bosi kasifu. Kamis kakuna kichwa. Raha iliyoje!

Mama mdogo Séraphine kaleta samaki wake, mtaji wake wote wa Kwaresima, majivu yakiwa bado usoni. Ndiye aliyenipokea nilipotoka kwetu Butembo, akanilisha, akaniombea kazi hii. Kamis alimwambia chumba chake kina nafasi. Akakataa, eti ampe mtu baki na mwanawe yupo? Nilivimba kichwa.

Ijumaa, 7 Machi
Ole wangu. Jana mchana wapagazi waliacha mlango wazi. Seva haikuuliza, maana mimi ndiye niliyeikataza. Leo alfajiri kengele ikalia. Kulia kwa nini tena? Samaki walishalainika, wananuka mpaka barabarani. Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, wateja wamejaa, mama mdogo meza tupu.

Bosi alitaka kunifukuza. Mama mdogo akamjia juu, eti mtoto huyu hapumziki kwa ajili ya mashine zenu, mwacheni. Banange, jamani, bora angenichapa.

Cheo kapewa Kamis, anaanza Jumatatu. Nimeona uchungu, lakini wa samaki umezidi.

Jumapili, 9 Machi
Niliamka nimekata shauri: baada ya misa kanisani Nsambya, namwambia ukweli wote. Nikamkuta kanipikia sombe, majani ya muhogo ya kwetu. Sahani yangu imejaa, yake robo. Nikafungua mdomo. Nikasema seva iligoma. Akasema alijua tu, mashine hazina akili, pole mwanangu.

Kauza vitenge vyake vya sikukuu. Kesho analeta mzigo mwingine, mdogo. Kamis kamwomba tena aweke kwake, kakataa tena. Nililia njiani, sioni aibu kuandika.

Nimepitia ofisini moja kwa moja nikarekebisha skripti. Sasa inapima kila robo saa, usiku na mchana, naapa! Isipokuwa zile saa za wanunuzi. Kesho ni siku ya kwanza ya Kamis kusimamia, na sitampa raha ya kusikia chumba changu kikilia.