Kware wa Jumadi na Bilauri Yangu ya Asubuhi

Kwa Mwenyekiti,
Ushirika wa Wafugaji wa Kware,
Kijiji cha Sumberwuni, Java ya Kati.

Ndugu Mwenyekiti Triyanto,

Nakutakia afya njema wewe na kware wako, ingawa afya yao najua haina shaka. Naandika kwa masikitiko kuhusu uamuzi wa ushirika wako wa kuwanywesha ndege jamu, kinywaji chetu cha dawa za mitishamba.

Mimi si mfugaji. Ni mgane, fundi cherehani mstaafu, na kwa miaka kumi na moja nimekunywa jamu ya mama mchuuzi, Mbok Tukinah, mlangoni kwangu, kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu. Siku hizi anapita na kikapu chake mgongoni bila kusimama, moja kwa moja hadi mabandani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Manjano, tangawizi na kitunguu saumu alivyosaga kwa mkono wake vinamiminwa kwenye vihori. Jirani yangu Jumadi, mwenye kware elfu mbili, anajisifu kwamba majike wake wanataga kila siku na madume hawatulii. Nilipomuuliza sisi watu tutakunywa nini, akanijibu, "Kwani Pak Darmo, wewe ukinywa utataga?" Watu wakacheka. Naomba swali hilo lifutwe rasmi.

2. Utaratibu wa jamu kila mtu anaujua. Unakunywa ya uchungu, kisha unapewa ya tamu kidogo, bure, ya kusuuza ulimi. Uchungu siupendi hata chembe. Nauvumilia kwa ajili ya ile ya pili, maana hapo ndipo Mbok Tukinah hutua kikapu, akakaa kizingitini na kuniuliza nimelalaje. Juzi nilichungulia bandani kwa Jumadi. Mbok Tukinah alikuwa anawauliza wao.

3. Ikiwa kware wamepata haki za wanakijiji, basi wabebe na wajibu. Wajiandikishe zamu za ulinzi na wachangie wali wa sadaka panapotokea msiba. Jumapili tulizibua mfereji kijiji kizima, na sikumwona kware hata mmoja.

4. Zamani Mbok Tukinah alikuwa akinivunjia yai la kware ndani ya bilauri. Sasa kware wanakunywa jamu ili watage yai la kutiwa kwenye jamu ambayo wameshaimaliza. Nimelifikiria jambo hili siku tatu hadi kichwa kikaniuma, na dawa ya kichwa iko kihorini.

5. Jumatano nilimsimamisha Mbok Tukinah njiani. Akasema, "Pak Darmo, kware hawakunji uso, na wanamaliza. Wewe ya uchungu unaimwaga kwenye kopo la maua ukidhani sioni." Ua lenyewe lilishakufa, na halihusiani na barua hii.

Kwa hiyo naomba jamu ipigwe marufuku kwa kiumbe chochote chenye manyoya kabla ya Jumatatu. Ikishindikana, kware wote wahamishwe kijijini. Ikishindikana na hilo, wapange foleni nyuma yangu.

Nisikufiche, Mwenyekiti. Tangu mke wangu afariki, bilauri ile ndiyo mazungumzo yangu ya siku nzima. Asubuhi zimekuwa ndefu, na nina upweke.

Nisalimie mkeo, mama mkwe wako, kamati yote, na hata Jumadi, ila barua hii asiione.

Wako kwa heshima na ulimi usiosuuzwa,

Darmo Suwito

N.B. Nimenunua kware ishirini. Banda nimelimaliza jana, nimeliweka pale pale kando ya kizingiti. Tafadhali liingize jina langu kwenye orodha ya wanaopelekewa jamu, kuanzia Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu. Mwambie Mbok Tukinah kwamba ndege wangu ni wanyonge, hawanywi mpaka mtu akae nao. Na ya uchungu, mwambie, safari hii nitaimaliza.