Kura ya Mlango wa Kontena

Ijumaa, 23 Oktoba 1998

Sanyuanli, mtaa wetu huku Uchina. Mvua tangu asubuhi. Redio imeshika!

Wiki nzima nazungusha kitufe, leo nimempata tena yule bwana wa Marekani anayenguruma. Jina lake bado silijui. Kila akifika kwenye jina, opera ya Kichina inamwingilia na mwanamke analia mpaka bwana ameshamaliza kujitaja. Mimi namwita Bwana Sauti. Ni mhafidhina, na mwenyewe analisema kwa majivuno kama mtu anayetaja ukoo wake. Uchaguzi wa Bunge lao ni tarehe tatu. Siku ya Jumanne! Kwa nini Jumanne, watu wako kazini? Na kwa nini chama kimoja kina tembo na kingine punda? Nani alikubali kuwa punda? Natamani kumwuliza mtu, lakini mtaa huu kila mmoja anauliza bei tu.

Bwana Sauti ni wa tembo. Anasema serikali ipunguze kodi, kila mtu aachiwe jasho lake. Barabara kabisa. Anasema pia rais wao amefanya mambo na msichana wa ofisini kisha akadanganya, na wananchi watamwadhibu punda kwa hilo. Tembo watashinda kwa mafuriko ya kura. Kiongozi asiye na adabu faraghani, anasema, hana adabu popote. Nimeirudia mara tatu ili nisiisahau.

Saa mbili usiku kagonga Abass, muuza jeans wa chumba cha pili. Kuna shughuli kwa Bimkubwa, watu wote wapo, nivae kanzu nije. Nikamwambia nina homa. Shughuli gani, sikuuliza. Baadaye akaniletea sahani ya biriani. Nimeila huku nasikiliza habari za kodi. Biriani safi, yenye zabibu.

Jumapili, 25 Oktoba

Nimempigia Najat kutoka duka la simu. Mke wangu hana salamu ndefu.

Nieleze hapa, maana likinifika baya nataka ijulikane. Watu saba tunachangia kontena moja kwenda Dar. Kinachopakiwa mwisho kinakaa mlangoni, na kule hushushwa kwanza. Kilicho ndani kabisa hungoja, hungoja tena. Idi iliyopita viatu vyangu vya watoto, vile vya kuwaka taa kisiginoni, vilikuwa ndani kabisa. Vilipovuka kufika Unguja, Idi imeshapita, na watoto wote wa Darajani wameshavaa viatu vya watu wengine. Hata binti yangu Kauthar.

Najat kasema Ramadhani ni Desemba. Viatu vikikosa Idi hii tena, baba Kauthar nirudi nyumbani nikakae dukani kwa kaka yake, Ussi. Ussi! Mtu anayeniita mwanafunzi mbele ya wateja!

Sirudi. Mlango lazima uwe wangu.

Jumatatu, 26 Oktoba

Kikao cha kontena. Bimkubwa, muuza vyombo, ndiye mama yetu sote hapa na kwa kawaida ndiye anayegawa nafasi. Kasema safari hii mlango unatakiwa na wawili, mimi na Abdulsalam wa Kariakoo, mwenye mabegi ya shule. Tufanye shauri, kasema.

Nikasimama. Nikapendekeza kura! Ya siri! Jumanne tarehe tatu, siku moja na Marekani! Walitazamana. Émérance, mama wa Bukavu anayenunua vitambaa, alipiga makofi, akasema kwao ni siku nyingi hajaona kura, anataka kuona inakuwaje. Ikapita.

Nimefika chumbani ndipo nikaona shida. Abdulsalam anapendwa. Ndiye anayesimama juani siku nzima ya kupakia asije mtu akapondewa katoni zake. Ndiye anayemweza Lin, laoban, yaani bosi, wa ofisi ya mizigo, ambaye neno lake la kwanza kwa kila swali ni "meiyou", hakuna. Mtu wa namna hiyo utamshinda kwa kitu gani?

Bwana Sauti kanijibu usiku huohuo. Tabia.

Jumatano, 28 Oktoba

Loo! Loo!

Nimemfuata Abdulsalam soko la Zhanxi. Nilitaka kujua tu. Alikuwa na mwanamke wa Kichina aliyejitanda kichwa. Walinunua chupa ya chai. Wakanunua mito. Mito miwili! Na mito kaibeba Abdulsalam mwenyewe, anacheka. Mke wake yuko Kariakoo, nimewahi kumwona kwenye picha.

Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya mkokoteni wa viatu. Mwenye mkokoteni akaondoka nao bila taarifa. Nikabaki nimechuchumaa katikati ya barabara, watu wananipita kulia na kushoto. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa na ndara.

Ijumaa, 30 Oktoba

Kampeni imepamba moto. Nimemnunulia Abass bakuli la tambi za nyama kwenye mgahawa wetu wa Kiislamu. Kaahidi kura. Kala la pili, kaahidi tena.

Nimemweleza Émérance habari za kodi na jasho la mtu. Kaitikia amina, kama yuko kanisani kabisa. Ndipo nikamdokeza kwamba mgombea fulani ana siri na mwanamke. Alicheka mpaka akashika ukuta. Oh, papa Msabaha, kasema, weye uko mutu wa ajabu sana.

Anacheka nini? Nimefikiri njia nzima. Bwana Sauti anasema wananchi wana hasira chini kwa chini, ila hawaionyeshi. Basi ni hiyo. Kicheko kile kilikuwa hasira.

Jumapili, 1 Novemba

Mawimbi mabaya. Nimefunga waya toka kwenye redio hadi kamba ya nguo ya mwenye nyumba. Maajabu! Bwana Sauti kaingia kama yumo chumbani. Kasema zimebaki siku mbili, nchi iko tayari, aibu ina nguvu kuliko tumbo. Hapo mama mwenye nyumba akaanua suruali za mumewe na Marekani ikapotea yote.

Jumanne, 3 Novemba

Nitaandika kwa ufupi.

Kwa Bimkubwa, baada ya isha. Sote saba. Kulikuwa na chai nzuri, nikamsifu aliyeimimina bila kumtazama usoni, maana nilikuwa nakariri hotuba.

Nikasimama. Nikasema kiongozi asiye na adabu faraghani hana adabu popote. Nikasema mtu asiyejua kufunga mlango wa nyumba yake apewe vipi mlango wa kontena? Kisha nikataja Zhanxi. Nikataja mwanamke. Nikataja mito, na idadi yake.

Wote wakaweka vikombe chini. Nikajua nimeshinda.

Bimkubwa akaniuliza, mwanangu, ile homa imepoa? Homa gani? Ile ya Ijumaa, kasema, siku ya ndoa ya Abdulsalam. Ilifungwa chumba hikihiki. Imamu alikuja, mashahidi walikuwepo, na bibi harusi ni Maryam, jamaa wa mwenye mgahawa tunamokula kila siku. Mke mkubwa wa Kariakoo aliarifiwa kwanza, na ndiye aliyeleta doti mbili za kanga kwa mkono wa abiria. Mito kaagiza Bimkubwa mwenyewe.

Émérance akaongeza kwamba yeye ni Mkristo na alikula. Na weye ulikula, papa, kasema. Ile assiette, ile sahani, ni mimi nilikujazia.

Biriani yenye zabibu.

Maryam alikuwa ndiye mwenye birika la chai. Akaniongeza kikombe kwa heshima zote. Sijui kama Kiswahili ameshaanza kukielewa. Nilitamani sakafu ipasuke niangukie ghorofa ya tano.

Kura: Abdulsalam sita, mimi moja. Abass ananiapia kwa Mungu kuwa ile moja ni yake. Basi yangu imekwenda wapi?

Jumatano, 4 Novemba

Nimeamka na haya, nikasema nijifariji kwa mafuriko ya tembo.

Hakuna mafuriko! Tembo wamepoteza viti. Watu wanasema rais alikosea, sawa, lakini kazi zipo, mambo yanakwenda, wakapiga kura wakarudi makwao. Bwana Sauti alikohoa, akapekua karatasi zake. Kisha akaja juu. Kasema hatukukosea hata kidogo. Kosa ni kwamba hatukusema kwa sauti kubwa ya kutosha.

Nimekaa kitako kitandani. Kumbe! Huyu bwana na mimi tuna ugonjwa mmoja na dawa moja. Jana nilisema kwa upole mno. Na chupa ya chai sikuitaja kabisa!

Alhamisi, 5 Novemba

Abdulsalam kabisha hodi. Nilitafuta pa kujificha, chumba hakina.

Hakuja kwa ugomvi. Maryam alikuwa pembeni yake na mkate wa duara wa moto. Abdulsalam kasema, shehe, yaliyopita yamepita. Mabegi yake yanangoja shule zifunguliwe Januari, viatu vyangu vinangoja Idi. Tugawane mlango nusu kwa nusu. Kasema na yeye ana watoto, anajua mtoto akikosa kiatu cha Idi anavyokuwa.

Machozi yalinilenga. Nasema kweli. Nilimwona Kauthar anakimbia uchochoroni, taa zinawaka miguuni. Neno "ahsante" lilishafika kwenye ulimi.

Nikakumbuka ya Bwana Sauti. Anayekubali nusu, ameuza yote! Mapatano ni kushindwa kwa mwendo wa pole! Nikasimama wima nikamwambia afadhali nishindwe na msimamo wangu. Abdulsalam alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kushoto kulia. Mkate wakaniachia.

Mkate mtamu sana, una ufuta juu.

Jumamosi, 7 Novemba

Lin kasema kontena meiyou. Halijafika kutoka bandari ya Huangpu. Kupakia ni Jumatatu alfajiri.

Nimempigia Najat. Nikamwambia kura nimekosa ila msimamo ninao. Akaniuliza, huo msimamo unavaliwa Idi? Kisha kasema Ussi ameshaninunulia kiti kidogo cha kukalia, karibu na mlango wa duka. Mlango! Nimepanda ngazi za ghorofa zote sita nikiwaza hilo. Binti yangu atavalishwa na mjomba wake mara ya pili, na mimi nitakuwa nimekaa pembeni nawashikia wateja miavuli.

Usiku, redio. Habari ya kustaajabisha! Spika wa Bunge la Marekani, mkubwa wa tembo, ametangaza kuachia ngazi. Rais yupo palepale. Waliotaka kumwangusha ndio wanaoanguka! Inawezekanaje? Ina maana gani? Nimelala nikilizungusha kichwani na sijapata jibu. Lazima nimsikilize Bwana Sauti kwa makini zaidi, asinipite hata neno.

Jumapili, 8 Novemba

Mchana nimemwona Bimkubwa akiingia ofisi ya Lin pamoja na Abdulsalam, wakafunga mlango. Walikaa muda. Walitoka wanacheka. Wana nini wale? Nimeficha uso kwa gazeti la Kichina. Baadaye nikagundua nililishika juu chini.

Saa mbili usiku Abass kagonga. Kikao kwa Bimkubwa, habari ya mlango wa kontena. Kasema hakuna kura wala hotuba, na Bimkubwa kaagiza nije mwenyewe niseme neno moja tu, "naam", kabla watu hawajaenda kulala, maana alfajiri wanapakia.

Neno moja! Mtego huo. Na wakati wenyewe! Redio imeshika kuliko siku zote. Bwana Sauti anaeleza kwa nini tulishindwa na jinsi tutakavyoshinda mwaka elfu mbili. Nikamwambia Abass nina homa. Akaniuliza kama ni ile ile. Nikamwambia ile ile.

Saa tatu u nusu karudi na sahani, kaniwekea juu ya katoni. Akabaki amesimama, akaanza kusema, ule mlango, kwa kuwa hukuja kuitika naam... Nikamwekea kidole anyamaze. Bwana Sauti alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye jina lake! Nikaegemeza sikio kabisa. Mimi, kasema, naitwa, na opera ikaingia, mwanamke akalia kama kafiwa.

Nilipogeuka Abass hayupo.

Biriani safi. Ina zabibu.